Injini ya Mkurugenzi na Msalaba wa Ukuta Wangu

Wiki jana niliwaacha mbele ya ukuta wangu, kwenye msalaba mwekundu. Najua si wote walioufikia, maana gazeti hili hufungiwa karanga kabla halijamaliza avenue moja. Narudia kwa ufupi.

Mimi ni Célestin, mtu wa mto, mzaliwa wa Yanonge, mkaaji wa Mangobo, hapa Kisangani. Shule niliiacha darasa la tatu. Kazi yangu ni kuosha injini: za pirogue, mitumbwi yetu, za jenereta, za pikipiki. Mke wangu Germaine alikufa mwaka juzi akiwa nyuma ya pikipiki, ndani ya shimo la avenue yetu. Kwenye makaratasi ya Kamati ya Avenue Mpya, shimo hilo lilikuwa limezibwa mara mbili. Germaine hakuyasoma makaratasi. Alianguka ndani ya shimo lililozibwa.

Kisha Kamati ileile ikakumbuka kwamba tuko hai. Ikaja na plan na mkebe wa rangi, ikachora msalaba mwekundu kwenye ukuta wangu: nyumba ya kubomoa, barabara itapita hapa. Nyumba hiyo matofali yake Germaine aliyabeba kichwani, mengine akiwa na mimba. Nililalamika mara tisa. Mara ya tisa mlinzi wa Kamati alinishauri nirudi nikishafariki, labda faili langu litakuwa limepatikana.

Hapo ndipo tulipoishia. Sasa sikilizeni.

Jumatatu ya wiki jana alikuja Eddy, dereva wa Mkurugenzi. Eddy ni mwanaume wa miaka arobaini anayevaa kravati hata akienda kuchota maji. Alikuja juu ya toleka, amekaa nyuma ya baiskeli kama mama anayekwenda sokoni, sababu gari la kazi halifiki kwetu. Shimo lile lililozibwa bado linazuia.

"Papa Célestin, mukubwa anakuita."

Nikavaa shati la kanisani. Nikadhani faili limeonekana.

Mkurugenzi wa Kamati anaitwa Ambroise, lakini jina hilo wanalitumia mke wake na Mungu tu. Sisi wengine tunasema Directeur. Nilimkuta uwanjani kwa Kamati, amesimama mbele ya kitu kilichofunikwa turubai. Hakunisalimu. Alishika ncha ya turubai, akavuta.

Lilikuwa gari la mashindano, jekundu, limelala chini kama mamba juani. Mlango wake haukufika kiunoni kwangu. Eddy alikuwa amenieleza njiani: limepanda mto kutoka Kinshasa wiki tatu juu ya baleinière, mashua kubwa ya mizigo, na watu ishirini na wanne walilishusha kwa mbao. Tangu siku hiyo limetembea kutoka geti hadi jenereta, na kutoka jenereta hadi geti. Mkubwa wa barabara alikuwa na gari ambalo halikuweza kukanyaga barabara yake hata moja.

Injini ya gari hilo haikai mbele kama za wakristo wengine. Inakaa nyuma, chini ya kioo, kama mikate ndani ya vitrine. Kila anayepita anaiona. Na kilichoonekana siku hiyo kilikuwa aibu. Kule Barumbu baleinière ilipakia madramu ya mawese, moja likavuja juu ya gari usiku kucha. Mafuta yakapenya hadi ndani. Juu ya mafuta likaja vumbi la unga, na juu ya vumbi wakaja kuku wa abiria kutafuta joto. Injini ilikuwa na manyoya. Ilifanana na kuku aliyeanza kuchomwa akakimbia.

Directeur akanieleza shida yake. Jumamosi anafungua kipande cha kwanza cha lami, mita mia nne. Wakubwa wanatoka Kinshasa. Ataingia na gari hili mbele yao, na anataka waione injini, wajue Kisangani ina watu. Wamemwambia mimi ndiye ninayejua kuosha injini bila kuiua.

Nilimjibu kwamba mimi nina ukuta.

Akacheka. Akasema ukuta na injini ni mambo mawili. Nikasema kwangu ni jambo moja. Tukatazamana mpaka Eddy akaanza kusafisha kravati yake.

"Bon," alisema Directeur. "Injini iking'aa samedi, musalaba inatoka kwa nyumba yako. Parole yangu."

"Andika, Directeur."

"Mutu hajasoma, na anaomba karatasi."

"Juu ya ile sikusoma, njo naomba. Benye kusoma banasahaulisha siye."

Alitoa kadi yake, akaandika nyuma, akatia sahihi. Nikaiweka ndani ya soksi. Sasa mnajua nilichokuwa nacho mkononi wiki nzima: haikuwa injini, ilikuwa nyumba ya Germaine.

"Anza," alisema.

"Iko moto. Tungoje."

Alikuwa ameiwasha asubuhi yote ili aisikilize ikinguruma, maana kwenda haikuweza kwenda.

"Maji si iko baridi? Itapoa."

"Chuma ya moto ukiimwangia maji ya baridi, inapasuka. Mpaka niweke mukono na niuache pale, njo naanza."

"Nani iko directeur hapa?"

"Kwa barabara njo weye, na tunaona. Kwa injini njo mie."

Mlinzi alikohoa ili asicheke. Directeur aliingia ofisini kwake. Mimi nilikaa kivulini nikaingoja injini ipoe, saa mbili nzima, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza iliyowahi kusubiriwa vizuri kwenye Kamati ile.

Siku ya pili Eddy alinivutia mashine ya maji ya nguvu, ile wanayooshea malori bandarini. Nilimwambia airudishe. Maji yale yanaingia hata pale dhambi haiingii; yakifika kwenye waya, gari linakuwa redio mbovu. Akaenda, akarudi na kopo la petroli, akasema petroli inakula mafuta haraka. Nikamuuliza kama anataka tuoshe au tuzike. Kule Lubunga kuna mtu aliosha jenereta yake kwa petroli, cheche moja ikaruka, hadi leo hana nyusi. Eddy akagusa nyusi zake. Kopo likarudi lilikotoka.

Mimi natumia sabuni ya kipande iliyokatwa ndani ya maji vuguvugu, burashi ya rangi iliyo laini, miswaki, na uvumilivu. Kwanza nilitoa waya mweusi wa batri. Directeur aliona kupitia dirisha, akatoka mbio kuuliza ninaiba nini. Nikamwonyesha waya umelala palepale, haujaenda popote. Alirudi ndani, lakini tangu hapo dirisha halikufungwa.

Kisha nilihitaji sachet, vile vifuko vya plastiki, za kufunika kila kinachochukia maji: masanduku ya fyuzi, alternateri, vichwa vya bujii zinazotoa cheche, kinywa cha hewa. Sachet serikali ilizikataza, kwa hiyo zimejaa kila mahali. Nilikwenda kuomba kwa jirani yangu wa kulia, Mama Katungu.

Katungu ametoka Butembo na biashara ya maharagwe na unga. Ukuta wake na wangu ni ukuta mmoja. Yeye akigonga msumari, picha yangu inaanguka. Germaine alipokufa, ndugu zangu walikuja kuuliza vitu vyake vitagawanywa vipi. Katungu alikuja na sahani ya ugali, na kesho yake tena sahani, na hakuuliza kitu.

Alinipa sachet safi kumi na nne. Aliponiuliza za nini, nikamweleza, na nikamweleza na lile nililokuwa nalo moyoni. Kinywa cha hewa cha injini ile ni kipana kama bakuli. Kikombe kimoja tu cha maji humo ndani, na siku wakiiwasha itajivunja mifupa yenyewe, mbele ya wakubwa wote. Hakuna atakayejua. Mtu aliyemzika mke wangu kwa karatasi, namzikia gari kwa kikombe.

Katungu alifunga gunia lake kwanza.

"Papa Célestin, ukiiua ile injini, Germaine atarudi?"

Nikaanza kuzihesabu tena sachet.

"Basi uioshe vizuri. Tuchunge nyumba."

Alisema tuchunge, siyo uchunge. Nyumba si yake, lakini alisema tuchunge. Nilirudi Kamati, nikakifunga kinywa cha hewa sachet mbili, moja juu ya nyingine, ili kishawishi nacho kishindwe kupita.

Nilifunga sachet zote kumi na nne, nikachora mistari kumi na minne ya mkaa ukutani. Kisha siku mbili niliswaki. Sikumwaga maji kwa ndoo. Nilisuuza kwa kikombe, kutoka juu kwenda chini, kidogo kidogo, kama unavyomwosha mtoto mchanga kichwa. Mawese ya Barumbu yalitoka mekundu, manyoya yakatoka, chini ya manyoya nikakuta yai. Yai zima. Eddy alilitazama, akasema ni la Directeur, sababu limepatikana ndani ya gari lake. Akampelekea. Sijui alilifanyaje.

Mfuniko mwekundu wa injini una rangi ya kukunjamana. Huo niliugusa kwa burashi tu, maana ukiusugua unaumenya. Vyuma vyeupe nilivipangusa kwa kitambaa na dawa ya meno. Mchanga hapana, majivu hapana, hata kama mama yako aling'arisha sufuria kwa hayo. Kisha nilikausha kwa vitambaa, na kwenye pembe nikapuliza hewa kwa pompi niliyoazima kwa fundi wa toleka.

Alhamisi nikatoa sachet. Kumi na tatu.

Nilihesabu tena. Kumi na tatu. Mistari ukutani ilikuwa kumi na minne. Sachet moja ikibaki juu ya tiyo, bomba la moshi, inayeyuka, inawaka, na nyumba yangu inawaka nayo ingawa iko mbali. Nililala chini ya gari. Niliingiza mkono mahali mkono hauingii. Nilimulika kwa simu ya mlinzi. Jasho langu likawa linachafua nilichokiosha.

Eddy alikuja, ananitazama huku anatafuna. Nikamuuliza kama ameona sachet.

Alikuwa ameishika. Alifungia mikate yake. Akasema ilikuwa tu inakaa pale, haina kazi.

Ijumaa nikarudisha waya wa batri, nikaiwasha. Iliwaka mara ya kwanza, ikatulia, ikanguruma kama simba aliyeshiba. Vyuma vilikuwa vyeupe, mipira myeusi, mfuniko mwekundu. Kila kitu kilikuwa na rangi yake ya kuzaliwa. Nilijivuna, nasema kweli.

Directeur aliinama juu ya kioo. Akazunguka. Akainama tena.

"Haing'ae," alisema.

Nilimweleza kwamba injini safi haing'ai kama kipaji cha bibi arusi. Kinachong'aa kwenye injini ni mafuta, na mafuta yanaita vumbi na moshi. Injini nzuri ni kavu. Alinisikiliza namna wanavyosikiliza raia, macho yakiwa saa ya mkononi. Kisha akaondoka, akamwambia Eddy neno moja bila kugeuka: kesho ing'ae. Nami, mjinga, nilidhani anasema viatu.

Jumamosi nilifika mapema. Kamba ilikuwa imefungwa pande mbili za zile mita mia nne; sisi tuliovunjiwa barabara tulikaa nje ya kamba, wale walioivunja wakakaa ndani chini ya hema. Kulikuwa na riboni, padri, na fanfare ya kanisa yenye tarumbeta na ngoma. Gari likaletwa juu ya lori, likashushwa kwa mbao. Na kutoka nje ya kamba, hatua thelathini, niliona injini inang'aa.

Ilikuwa inang'aa vibaya.

Nilimkuta Eddy pembeni, anapangusa vidole kwa kravati. Vidole vilikuwa vyekundu. Nikamuuliza ameweka nini.

"Mawese. Kidogo tu, chupa moja. Directeur alisema ing'ae."

"Eddy, siku mbili njo nilitosha mawese mule."

"Ile ilikuwa chafu, Papa. Hii ni safi, mama yangu njo alipika. Hata mutoto wa ubatizo tunamupaka. Hata viti ya kanisa tunapaka. Kwa nini injini tu ikatae?"

Hakuna mtu wa huku asiyepaka mawese kitu anachokipenda. Nilitaka kumwendea Directeur. Mlinzi aliuliza jina langu liko kwenye orodha namba ngapi. Fanfare ikaanza.

Sasa fikirini. Gari lile limezaliwa kwa kukimbia, upepo ukiipoza injini. Lakini mbele yake ilitembea fanfare, na fanfare ya kanisa haina haraka, ina wazee wawili kwenye ngoma kubwa. Kwa hiyo gari lilikwenda mwendo wa maziko. Mita hamsini. Mita mia. Injini ikachemka.

Mita mia na hamsini, mama mmoja kando yangu alimeza mate.

"Nani anapika samaki ya makayabu?" aliuliza.

Mwingine akasema hapana, ni majani ya pondu, nyumba gani hii inapika pondu asubuhi. Watu wakaanza kugeuza vichwa kutafuta jiko. Mpiga tarumbeta akakosa noti, nadhani alikuwa hajala. Kisha moshi ukatokea chini ya kioo, wa buluu, ukapanda taratibu mbinguni mbele ya padri.

Mlinzi mmoja alikimbia na ndoo ya maji. Hapo niliruka kamba. Msinisifu. Sikumrukia Directeur, niliurukia ukuta wangu. Nilimpokonya yule mlinzi ndoo nikaiweka chini, nikagonga dirisha, nikamwambia Directeur azime na asiguse tena kitu. Nikafungua kioo cha nyuma, moshi ukatoka wote kwa pamoja, na harufu ikamwagika juu ya hema la wakubwa kama mwaliko wa chakula. Hakukuwa na moto. Ilikuwa chupa moja ya mawese inakaangika juu ya chuma.

Fanfare ilinyamaza. Wageni wa Kinshasa wakasogea. Mkubwa wao alikuwa mwanamke, Mama Déborah, na miwani myeusi na viatu ambavyo vilikuwa vinaiogopa lami yetu mpya.

"Directeur, hii harufu ni ya nini?"

Ambroise alitoka garini. Ilimchukua muda, mtu mnene akitoka ndani ya gari la chini ni kama kuzaliwa. Jasho lilimtiririka. Nikasema moyoni: Germaine, tazama, Mungu halali. Leo mtu huyu anaanguka ndani ya shimo lake.

Alifuta uso. Akanyoosha koti.

"Excellence," alisema, "ni teknolojia. Hii injini inatembea na mawese ya hapa kwetu Tshopo."

Wote wakaitazama injini. Hata watoto.

Kisha mmoja chini ya hema akapiga makofi, halafu wote. Mtu wa redio akakimbia na mikrofoni. Nasema ukweli, niliangalia mashimo yote ya mji huu, sikuwahi kuona mtu akitoka ndani ya moja haraka hivyo.

Mama Déborah akavua miwani. Akauliza nani fundi wa ajabu hii. Directeur akatafuta kwa macho, akaniona nimesimama na kitambaa, mkono juu ya kioo.

"Huyu. Ingénieur Célestin."

"Ni kweli, Ingénieur? Inatembea na mawese?"

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya niandike hadithi hii. Mikrofoni ilikuwa chini ya pua yangu. Mtaa mzima ulikuwa nje ya kamba. Miaka miwili nilikuwa nimesema kama nikipata mikrofoni siku moja, wakubwa hawa watasikia jina la Germaine na jina la shimo. Kadi ilikuwa ndani ya soksi. Directeur hakunikodolea macho, hakunitisha. Alitazama tu mguu wangu, kwenye soksi.

"Ndiyo, Excellence," nilisema. "Mawese ya kwanza, ya Barumbu."

"Na inafika mbali?"

"Inafika mpaka pale hii lami inaishia."

Walicheka sana. Wakadhani nimefanya mzaha. Nje ya kamba hakuna aliyecheka. Mama Katungu alikuwa pale, na kitambaa chake cha Jumapili kichwani, ananitazama kama mtu anayesoma bei iliyobadilika.

Mama Déborah alitangaza palepale kwamba Kinshasa itasaidia mradi wa mawese, na lami iendelee mbele bila kuchelewa. Directeur alitangaza kwamba Ingénieur Célestin anaingia Kamati tangu siku ile. Wakanipa soda. Nikainywa.

Jumatatu, yaani juzi, Directeur alikuja mwenyewe kwangu. Aliacha jeep kwenye shimo akamalizia kwa miguu. Eddy alimfuata na mkebe, burashi, na karatasi yenye muhuri. Nikatoa kadi kwenye soksi, ilikuwa imelowa jasho, lakini sahihi ilisomeka.

"Nimekuja juu ya ile," alisema Directeur. "Mie ni mutu wa parole."

Nikamshukuru. Nilimshukuru, nyie. Nikaenda kwenye ukuta, nikauliza nani anafuta. Akaniambia nisubiri nielewe kazi, maana sasa niko Kamati.

"Musalaba haifutwe, Ingénieur. Inahama. Plan iko Kinshasa, na kwa hii kipande plan inahesabu nyumba moja. Tukitosha moja bila kuweka moja, batauliza moja imeenda wapi."

"Ihame wapi?"

"Kando. Barabara inapinda kidogo tu, kushoto ama kuume. Weye njo unajua majirani. Unachora, unatia sahihi hapa. Sahihi ya ingénieur inatosha."

Kushoto kwangu kuna baa ya komanda wa jeshi. Ukuta wake una matundu ya risasi za furaha ya mwaka mpya. Hata Mkurugenzi, aliposema kushoto, alishusha sauti. Kulia mnakujua.

Nilimwambia hayo si tuliyoandikiana. Akageuza kadi, akanisomea polepole kama kwa mtoto: musalaba inatoka kwa nyumba ya Célestin. Akauliza mahali gani imeandikwa kwamba haiendi kokote. Sikuwa nimeomba hilo. Mtu wa darasa la tatu anaomba karatasi, lakini hajui vya kuomba ndani ya karatasi.

Nikamuuliza itakuwaje nikikataa. Hakukasirika. Alisema basi msalaba utabaki palepale, hakuna kosa, mashine ya kubomoa inakuja Ijumaa, na ingénieur asiyejua kutia sahihi bado anaweza kurudi kuosha pikipiki.

Eddy alifungua mkebe kwa bisibisi. Akaniwekea burashi mkononi.

Ndipo mlango wa kulia ulifunguka. Mama Katungu alitoka na chupa ya mafuta ya taa na tambara. Alikuwa amesikia sauti ya Mkurugenzi akadhani ndiyo siku ya kufuta. Hakutaja Jumamosi. Hakutaja mikrofoni. Alinipita moja kwa moja, akapiga magoti mbele ya ukuta wangu, akalowesha tambara, akaanza kuufuta msalaba kuanzia chini. Alisema rangi hii ikikaa miaka haitoki kwa maji, ndiyo sababu ameleta mafuta ya taa. Alisema Germaine angefurahi.

Directeur alitazama saa yake.

"Ingénieur, tunakungoja."

Katungu alisimamisha mkono. Akageuka, akiwa bado magotini, akaona burashi. Akaona mkebe uko wazi. Rangi ilikuwa ikidondoka juu ya kiatu changu.

"Papa Célestin, na hiyo ni ya kufanya nini?"

Karatasi ilikuwa juu ya mgongo wa Eddy, ameinama ili iwe meza. Directeur alinyoosha kalamu.

"Mama Katungu," nilimwambia, "ingia kwanza ndani."